Chawa Niliyemmeza Katogota

Nyinyi mnaoanza kazi ya wadudu sasa, sikilizeni kwanza habari ya mrija. Kabla hujautia mdomoni, geuza kizibo, uangalie kama kile kipande cha chandarua kiko mahali pake. Usijiambie kwamba ulikiangalia wiki iliyopita. Mimi nilikuwa nimekiangalia wiki iliyopita, nikammeza mdudu ambaye profesa alisafiri kutoka Kisangani kuja kumwona.

Jina langu ni Riziki. Nilifanya kazi katika labo ya wadudu hapa Uvira mpaka nilipostaafu, chumba kimoja chenye madirisha mawili, kabati la chuma na mikroskopu iliyokuwa na shingo ngumu kama mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Kazi yangu ilikuwa kukamata, kuweka kwenye alkoli na kuandika etiketi. Watu wakiniuliza kanisani ninafanya kazi gani, nilisema niko serikalini. Ukisema unanyonya wadudu kwa mdomo, mazungumzo yanachukua njia nyingine.

Lakini ndivyo ilivyo. Mrija una ncha mbili na kichupa katikati. Ncha moja unaielekeza kwa mdudu, nyingine unaitia mdomoni, unavuta pumzi fupi, mdudu anaingia kwenye kichupa. Chandarua ndicho kinachomzuia asiendelee na safari.

Mdudu ninayemsimulia ni chawa, ila si wa kichwa. Ni chawa wa majani, yule anayeruka. Ukimwona kwa macho tu ni kama mbegu ya ufuta. Ukimwona kwa lupe, kile kioo cha kukuzia, ni kama nyenze aliyenyimwa chakula: mabawa yameinama kama paa la nyumba, macho yametokeza pembeni, miguu ya nyuma minene. Hatembei ukimsogelea. Anaruka, na hujui ameelekea wapi. Nusu ya maisha yangu kazini nilikuwa nikiuliza, "Ameenda wapi?"

Shefu wetu alikuwa Papa Byamungu. Mtu mrefu, mpole, mwenye goti bovu, anayefunga kifungo cha shati mpaka shingoni hata jua la Februari. Mwaka wangu wa kwanza niliandika etiketi arobaini kwa biki ya bluu, nikajivunia mwandiko wangu. Alkoli ikala wino wote. Vichupa arobaini, karatasi arobaini nyeupe, na maji ya bluu kama ya kufulia. Papa Byamungu hakunikaripia. Alinipa penseli, akaniwekea kichupa kimoja mbele ya pua.

"Nusa," aliniambia. "Uniambie kama hii ni ya Luvungi ao ya Mutarule."

Nilinusa. Alisubiri jibu kabisa, mikono nyuma. Tangu siku hiyo sijaandika etiketi kwa biki, hata ya mtungi wa chumvi nyumbani kwangu.

Katika kabati alikuwa na kichupa kimoja alichokipenda kuliko vyote. Ndani walikuwamo majike kumi na mmoja wa chawa wa aina moja asiyejulikana sana, wote kutoka kwenye mti mmoja wa Katogota, mtini wa porini ule ambao huku tunauita muvumu. Kila Jumatatu aliwaongezea alkoli kidogo na kuwaita bamama. Kwenye vitabu chawa huyo alikuwa na habari fupi sana: zamani mtu alikamata jike mmoja, mahali pengine kabisa, akamwandika, halafu watu wakaendelea na mambo yao. Dume hakuna aliyewahi kumwona. Na kwa chawa hawa, jike peke yake hakuambii kila kitu. Mkia wa dume ndio kitambulisho, kama karata ya uchaguzi kwetu sisi. Bila mkia huo, Papa Byamungu hakuweza kusema kama bamama zake ni ndugu wa yule jike wa kitabuni au ni watu wengine.

Kosa lilikuwa letu. Kila mwaka tulienda Katogota kiangazi, kwa sababu barabara ilikuwa nzuri. Papa Byamungu alifikiri sana, akasema pengine madume hutoka na mvua za kwanza, wakakaa siku chache, wakafa. Akaandika barua kwa profesa mmoja wa Kisangani, mwanamke anayejua chawa wa majani kuliko sisi tunavyojua ndagala wa ziwani. Profesa akaja mwanzoni mwa mvua, na begi moja na buti za plastiki. Alikuwa na wiki moja tu.

Jumanne nilipanda moto, yaani pikipiki, mpaka Katogota. Muvumu ule uko katika kiwanja cha Mama Mapendo, mama mrefu, mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto Ruzizi. Nilimkuta anatwanga sombe, majani ya muhogo, mbali na mti.

"Riziki, umefika saa muzuri," aliniambia. "Vendredi tunaukata."

Nikauliza kwa nini waukate Ijumaa. Akanionyesha kiti cha plastiki kilichokuwa chini ya mti. Nilikigusa, kikanishika mkono. Watoto wa chawa hukaa ndani ya vipele vya majani wakinyonya mti, na kinachowatoka nyuma ni maji matamu yanayonata. Yanadondoka mchana kutwa.

"Samedi Neema iko anaolewa," alisema Mama Mapendo. Neema ni binti yake wa kwanza, na Jumamosi ilikuwa siku nne tu mbele. "Harusi iko hapahapa mu kiwanja. Bakwe watakuja kukaa hapa, wakitaka kusimama, viti vitasimama na wao. Minye sitaki ile haya."

Nilisema pole, nikasema tutazungumza, lakini kichwa changu kilikuwa juu kwenye matawi. Nilitandika shuka nyeupe, nikapiga tawi fimbo tatu. Piga tatu, si moja, si kumi. Moja inawaamsha, ya pili inawaudhi, ya tatu inawaangusha. Nikapiga magoti na lupe. Majike, majike, buibui, majike. Halafu nikamwona mmoja mwembamba, na mkia wake umekunjwa juu kama mkono wa birika.

Nilikaa kimya. Hata sombe ilinyamaza, kwa sababu Mama Mapendo alikuwa ameacha kutwanga ili anitazame. Nikaandika etiketi kabisa, kwa penseli: dume, Katogota, muvumu wa Mama Mapendo. Hilo nalo ni kosa, wanangu. Etiketi huandikwa mdudu akiwa ndani. Nikaweka mrija mdomoni, nikamlenga, nikavuta.

Kichupa kilibaki kitupu. Kooni nilisikia kitu kimeruka mara moja, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba asiyoijua. Kisha kikashuka.

Nilifungua mrija. Kipande cha chandarua hakikuwamo. Kilitoka siku nilipouosha, na baadaye nilikikuta nyumbani ndani ya beseni, kimelala na kijiko.

"Umemupata?" aliuliza Mama Mapendo.

"Nimemupata," nilijibu. Haukuwa uongo kamili.

Nilipiga matawi mpaka mvua ikaja. Majike tu. Njiani kurudi, nyuma ya moto, nilijaribu kukohoa. Motari aliniuliza kama nina malaria. Pale Luvungi nilikunywa maji, halafu nikajuta kuyanywa, kana kwamba ningali na mtu wa kuokoa.

Sasa nitawaambia kitu nisichojivunia. Nilipofika labo jioni ile, Papa Byamungu na profesa walikuwa wamesimama mlangoni. Profesa aliuliza, "Dume?" nami nikainua kichupa chenye etiketi, alkoli na hakuna kingine. Nilikusudia kusema. Lakini Papa Byamungu alikuwa amekwisha kukipokea kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa vile ambavyo sikuwahi kuuona. Akasema giza linaingia, tutamtazama asubuhi kwa mwanga mzuri. Akakiweka kabatini karibu na bamama.

Jumatano asubuhi walimimina kichupa kwenye sahani ya kioo. Profesa akatazama kwenye mikroskopu. Akazungusha sahani. Akafuta lenzi.

"Simwoni," alisema.

Papa Byamungu akatazama. "Ameshikamana na etiketi," alisema. Wakaigeuza etiketi. "Pengine kwenye kizibo." Wakakikata kizibo kwa wembe. Profesa akasema inawezekana alirukia nje kabla ya alkoli kumlewesha, kwa hiyo wakaanza kutafuta mezani, kisha kwenye kola za mashati, kisha sakafuni. Profesa wa chuo kikuu alikuwa chini ya meza na tochi ya simu, akiita pembe za chumba moja moja: hapa hayupo, hapa hayupo. Mimi pia nilikuwa nimepiga magoti, natafuta. Ndiyo, mimi nilikuwa natafuta. Niliinua mpaka mguu wa kabati.

Kisha nikaona Papa Byamungu anajaribu kushuka chini. Alishika kiti, akanyoosha lile goti bovu, akashuka polepole kama ngamia wa kwenye picha, akalaza shavu sakafuni ili atazame chini ya kabati. Shati lake lilikuwa jeupe.

"Papa, usitafute," nilisema.

"Nimeona kitu."

"Ule ni unga. Papa, kadudu iko mu tumbo yangu."

Profesa alitoka chini ya meza, akakaa sakafuni, akafikiri kwa makini.

"Ulitafuna?" aliuliza.

"Hapana, Profesa. Alishuka mzima."

"Ni lini?"

"Jana, saa tano."

Akatazama saa yake, akahesabu, na ninawaapia kwamba kwa muda mfupi aliliwaza lile jambo ambalo na nyinyi mnaliwaza sasa. Kisha akatikisa kichwa. "Asidi," alisema kwa huzuni.

Papa Byamungu alikuwa bado amelala chini. Niliona mgongo wake unatikisika, nikafikiri nimemliza mzee wa watu. Nilipomshika mkono kumwinua nikaona anacheka, machozi yanamtoka, hawezi kusema. Alipopata pumzi aliniambia, "Minye nilimezaka nzi tatu na kombamwiko kadogo. Lakini minye nilisemaka siku ileile." Basi. Hilo ndilo karipio pekee nililopata kwake maisha yote, na hadi leo linaniwasha kuliko matusi.

Alhamisi nilirudi Katogota pamoja na profesa. Ilibaki siku moja kabla ya shoka. Njiani nilikuwa na mpango: tungemwomba Mama Mapendo asiukate mti, na badala yake tufunike kiwanja kwa turubai kubwa la labo, lile bashi ambalo Papa Byamungu alilitumia kufunikia masanduku na hakumpa mtu hata kulikunja. Mama Mapendo alinisikiliza, akaweka mikono kiunoni.

"Ni kubwa?"

"Inafunika kiwanja yote."

"Haina tundu?"

Nilimpigia simu Papa Byamungu hapohapo, nikaweka sauti ya nje. Aliuliza urefu wa kiwanja, akauliza watapika wapi, akauliza kama mafuta yataruka. Nilisikia anafungua kabati na kulifunga.

"Mama," alisema, "bashi itakuja. Lakini itarudi bila alama ya mafuta."

"Papa, minye ni muntu ya heshima," alijibu Mama Mapendo, na mti ukapona.

Ikabaki dume. Tulipiga matawi asubuhi yote, fimbo tatu tatu. Profesa alikuwa na jicho kali, lakini tulipata majike tu. Mvua zilikuwa zimeshazoea, na siku chache za madume zilikuwa zinakwisha. Saa sita profesa aliketi kwenye mzizi, na alipotaka kuinuka, sketi ilikuwa imeshashikwa.

Wakati huo Neema alitoka nyumbani amevaa nguo ya harusi. Mama yake alitaka kupima pindo, na ndani mlikuwa na giza, kwa hiyo alimsimamisha nje, mita chache kutoka kwenye mti, shela kichwani, viatu vya kuazima miguuni. Mama Mapendo alipiga magoti na pini mdomoni. Mimi nilitazama tu kama mwanamke yeyote anavyotazama nguo ya harusi. Ndipo nikaona nguo imeanza kupata vitone.

Upepo ulikuwa umetikisa muvumu, na chawa walikuwa wakirukia kwenye weupe ule. Katika miaka yangu yote ya shuka nyeupe, sijawahi kuona shuka iliyowavuta hivyo. Nilimfikia Neema na lupe kabla sijafikiri adabu. Begani, majike. Kifuani, majike wawili. Kisha nikapanda na lupe mpaka kwenye shela, juu ya nyusi ya kushoto, nikaona mkia umekunjwa kama mkono wa birika.

"Neema, usitembee," nilisema.

"Iko nini?"

"Usiseme pia."

Profesa alikuja, akatazama, akashika mkono wangu kwa nguvu. "Usipumue, binti," alisema.

Nilitoa mrija. Nilifungua kizibo, nikaangalia chandarua. Nikafunga, nikafungua tena, nikaangalia. Profesa naye akaangalia. Mara ya tatu Mama Mapendo, mwenye pini mdomoni, akanyoosha shingo na yeye akaangalia, ingawa hakujua tunaangalia nini. Kisha nikaukaribia uso wa bibi-harusi mdomo ukiwa kwenye mrija, na macho yake yakawa makubwa kama ya samaki mukeke sokoni.

"Mama," alisema bila kusogeza midomo, "anataka kuninyonya uso."

"Acha anyonye," Mama Mapendo alijibu kati ya pini. "Anajua kazi yake."

Kucheka kulinipanda kutoka tumboni. Ukicheka, unapuliza, na ukipuliza unampeleka dume Burundi. Niliuma mrija, nikafikiria mazishi, nikafikiria Papa Byamungu chini ya kabati, na nikavuta.

Kichupa kikapata mtu. Aliruka ndani mara mbili, akagonga kioo, akatulia. Profesa alikaa chini palepale kwenye udongo. Neema akapumua, na hapo ndipo pini moja ikamchoma. Etiketi niliandika baadaye, mdudu akiwa ndani.

Ijumaa tulimtazama kwa zamu. Mkia wake ulikuwa na koleo mbili ndogo zilizopinda, safi kama kazi ya fundi wa dhahabu. Profesa alichora mpaka mchana, akalinganisha na habari za yule jike wa kitabuni na bamama wa kabatini, akasema ni watu wa ukoo mmoja, na kwamba sasa habari zao zimetimia. Papa Byamungu alitazama wa mwisho. Alitazama muda mrefu sana. Siku hizi nyinyi mnapiga foto kwa simu, mnakata mguu mmoja mnaupeleka mbali kupimwa, jibu linarudi kwa barua pepe, na ni vizuri, sibezi. Lakini muwe na subira ya kukaa hivyo pia, jicho moja kwenye kioo, kwa kitu ambacho hakitawasaidia kula.

Jumamosi tulienda harusini sote watatu, pamoja na bashi. Lilifungwa juu ya kiwanja chote, na viti havikumshika mtu. Bwana-harusi, kijana mchangamfu anayeuza vitenge Luvungi, alikuwa mfupi. Sisemi kidogo, alikuwa mfupi kweli, na Neema amerithi urefu wa mama yake. Wakwe walikuwa wameliona hilo kabla yetu. Kulikuwa na minong'ono upande wa shangazi.

Baada ya chakula msemaji wa familia akasema mgeni wetu Papa Byamungu, mwenye bashi, atoe neno. Papa hakupenda kusema mbele ya watu. Alisimama, akagusa kifungo cha shingo. Mimi nilijua anawaza nini, kwa sababu tangu Ijumaa hakuwaza kitu kingine.

"Minye nilimungojea huyu bwana miaka mingi," alianza. "Bibi tulikuwa tunamujua, lakini bwana hatukumuonaka. Bantu wakasema, pengine hayuko. Leo yuko."

Shangazi waliacha kunong'ona.

"Ni kweli, ni mudogo," alisema Papa Byamungu, na kiwanja chote kikashika pumzi. "Ukimuangalia haraka, hautamuona. Lakini minye nilikaa chini, nikamuangalia muzuri. Kila kitu iko mahali pake. Iko kamili. Na miguu yake iko na nguvu: anaruka mara mia urefu wake."

Akaketi. Kisha Mama Mapendo akapiga kigelegele kilichofika Ruzizi, shangazi wakafuata, na bwana-harusi, machozi yakimlenga, akasimama katikati ya kiwanja akaruka, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, suti na yote, huku watu wakihesabu.

Papa Byamungu aliinamisha kichwa upande wangu. "Wanampenda sana yule chawa," aliniambia, ameguswa.

Profesa alitazama sahani yake. Mimi nilimjibu, "Sana, Papa," nikampigia makofi bwana-harusi.